Keremkerem Aliyekuwa na Wenyewe

Sogea kidogo tusikilizane. Wewe uliyekua nami, unayekumbuka korosho za kuchoma mfukoni na madoa ya mabibo yasiyotoka kwenye shati la shule, huna haja ya maelezo. Kaa tu ucheke. Lakini najua hapo pembeni yako kuna mwanao kainamia simu. Huyo ndiye nitakayemweleza polepole, maana watoto wetu hawa wanajua kila kitu isipokuwa kilicho nje ya dirisha.

Juzi alikuja binti wa mdogo wangu kutoka Dar es Salaam, akanisogezea simu puani.

"Mama mkubwa, unamjua ndege huyu? Anatoka Ulaya kila mwaka mpaka huku kwetu! Ajabu, eh?"

Nikamwambia namjua.

"Umemuona wapi? Mtandao gani?"

Nikamwambia, "Kwenye chungu."

Alinitazama kama vile nimetukana. Na wakati ananitazama hivyo, ndege huyohuyo alikuwa amekaa nje kwenye waya wa umeme, juu kidogo ya choo changu, na wenzake wamejipanga kama wanasubiri zamu. Mtoto hakugeuka hata mara moja. Ana picha yake safi kwenye simu, ageuke kutafuta nini?

Basi nikaamua kueleza, na nikieleza huwa naanzia mwanzo.

Enzi hizo nchi ilikuwa imefunguliwa milango, kila kitu ruksa. Kabla ya hapo sabuni ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Ghafla zikaja sabuni za kila rangi na kila harufu, na hapo ndipo sisi watu wa Newala tulipogundua kuwa tatizo letu halikuwa sabuni, tatizo letu lilikuwa maji. Marobota ya mitumba yakafunguliwa sokoni, na mji ambao haujawahi kuona theluji ukajaa makoti ya theluji. Mimi nilikuwa nalo moja la rangi ya waridi, lenye manyoya shingoni na kofia yenye kamba ya kukaza. Nililivaa mwezi wa kumi, jua la saa saba mchana, na hakuna msichana aliyenizidi kwa mapambo wala kwa jasho.

Wakaja pia wanunuzi binafsi wa korosho, na malori yao na mizani yao. Ilikuwa mizani yenye tabia njema sana, haikuwahi kumdhulumu mwenye lori hata siku moja.

Na katika mwezi huohuo, bila lori wala leseni, walikuja keremkerem. Unawasikia kabla hujawaona, *prrup, prrup*, juu kabisa, kama mtu anayeita huku ana maji kinywani. Kisha wanashuka kwa kundi: mgongo wa kahawia, koo la njano, na tumbo la bluu ambalo watu waliofika Mtwara walisema linafanana na bahari. Huyu ndege hula nyuki. Anamdaka hewani, anarudi naye kwenye tawi kavu, anampigapiga pale mpaka mwiba unaisha kazi, ndipo anammeza. Sisi watoto tulikaa chini ya mikorosho tukiokota korosho na kumtazama akipika chakula chake bila moto, tukimeza mate. Hatukuwa tunammezea mate nyuki.

Usinune. Leo watoto wetu wanakula kuku aliyetoka kwenye katoni, wasiyejua alikuwa wa rangi gani. Sisi tulikuwa tunafahamiana na kitoweo chetu kwanza.

Kitoweo hicho kililetwa na Mjomba Saidi, kaka yake mama. Mjomba alikuwa bingwa wa ulimbo. Kazi nyingine zote zilikuwa zimemshinda, kwa hiyo alipata muda wa kutosha kuwa bingwa. Ulimbo, kwa usiyeujua, ni utomvu wa mti unaochemshwa mpaka unanata. Unaupaka kwenye kijiti, unakichomeka kwenye tawi kavu ambalo ndege hupenda kutua. Akitua, ndiyo basi. Huko nyuma mjomba aliitwa mvivu. Baada ya mageuzi akaanza kuuza kofia za mitumba gulioni siku moja kwa wiki, na siku zilizobaki akakaa vilevile kama zamani, lakini sasa anaitwa mfanyabiashara.

Siku moja asubuhi mjomba akaleta keremkerem kadhaa kwenye kikapu, wameshanyongwa shingo. Mama akakaa jikoni kuwanyonyoa, mimi nikiwa namchochea moto. Alipofika kwa mmoja akasimama. Akamgeuza. Akamsogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Saidi!" aliita. "Huyu umemtoa wapi?"

"Hewani, dada. Kwani ndege hutolewa wapi?"

"Ana pete."

"Basi labda ameoa."

Mama hakucheka. Mguuni mwa yule ndege, mguu mwembamba kama njiti ya kiberiti, kulikuwa na pete ya chuma chepesi, imechorwa herufi na namba ndogondogo ambazo hatukuweza kuzisoma zikaleta maana.

"Huyu ana wenyewe," mama alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefungua mlango akakuta askari.

Hapa lazima nimweleze yule wa simu, la sivyo hataelewa hofu ya mama yangu. Kwetu kuku walikuwa hawafungiwi. Asubuhi wanafunguliwa, wa kwangu na wa kwako wanachanganyika, wanashinda pamoja, na jioni kila mmoja anarudi kwao. Au harudi. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na alama yake. Mama yangu, ambaye mtaani aliitwa Mama Somoe kwa sababu yangu, alifunga kuku wake kipande cha kanga ya njano mguu wa kulia. Jirani yetu Bibi Esta alifunga utepe mwekundu mguu wa kushoto. Hata mtoto anayetambaa alijua kuku gani wa nani. Kuku mwenye alama ana wenyewe, na huo ndio ulikuwa mwisho wa mjadala.

Ikitokea umemla kuku wa mtu kwa bahati mbaya, kwa mfano gari limemgonga ukadhani ni wako, basi kulikuwa na utaratibu. Unachukua kuku wako mwenyewe, aliye hai, tena anayetaga. Unakwenda naye mchana kweupe. Unarudisha alama, unasema kwa kinywa chako, unamwacha kuku. Na unakwenda kabla hujaulizwa. Ukienda mwenyewe, wewe ni jirani aliyekosea. Ukingoja uulizwe, wewe ni mwizi, na wanao ni watoto wa mwizi.

Usidhani natia chumvi. Darasani kwetu kulikuwa na mvulana ambaye baba yake alikutwa na kuku aliyefunguliwa kitambaa. Kuanzia siku hiyo mtoto aliitwa Kitambaa. Leo ana wajukuu na nyumba ya bati, na bado ni Mzee Kitambaa.

Mama alimpika yule ndege, maana kumtupa ingekuwa kukosa mara mbili. Lakini hakumgusa. Mjomba alimla peke yake, akajilamba vidole, akasema mwenye mali alikuwa anamlisha vizuri. Pete mama akaifunga kwenye pindo la kanga yake. Kwa siku nyingi alizunguka mtaani akiuliza, "Jamani, hakuna aliyepotelewa na ndege?" Watu wakamwambia apumzike, jua ni kali.

"Dada," mjomba alimshauri, "hizi ni zama za soko huria. Kila kitu kina mnunuzi. Nipe hiyo pete niipeleke gulioni."

"Uza kofia zako, Saidi."

"Basi itupe chooni. Nani atakuuliza?"

"Nitajiuliza mimi."

Mambo yakabaki hivyo mpaka Mwalimu Dunstan alipoingia darasani siku moja ya Jumatano akiwa amefurahi kupita kiasi. Mwalimu Dunstan alikuwa kijana wa Masasi, mtoto wa watu wa kanisa, mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka ungeweza kukatia kitunguu. Alifundisha sayansi. Alitutangazia kuwa Jumamosi tutakuwa na ziara. Kuna mama wa Kizungu anayefundisha Masasi, anaitwa Mama Greta, amepata wageni wawili kutoka kwao, na wote watatu wanataka kuja Newala kutazama ndege wanaowasili kutoka Ulaya. Sisi tutafuatana nao.

Kitambaa akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwani wamepotelewa?"

"Hawajapotelewa. Wanataka kuwatazama."

"Halafu?"

"Halafu basi. Wanawatazama, wanafurahi, wanarudi."

"Wametoka Ulaya kufuata ndege waliotoka Ulaya?"

"Ndiyo."

"Wangewatazama kulekule kabla hawajaondoka!"

Mwalimu akamwambia akae chini. Darasa zima liliwahurumia wale wageni. Watu wazima, wenye gari, wanasafiri safari yote hiyo, na hawana hata ulimbo.

Mimi nilikimbia nyumbani na habari ile kama nimebeba zawadi. Mama alikuwa anatwanga. Nilipomaliza kusema aliuegemeza mchi ukutani, akakaa chini pale pale kwenye pumba.

"Wamefika," alisema.

"Akina nani, mama?"

"Wenyewe."

"Mama, mwalimu amesema wanakuja kutazama tu."

Mama alinitazama kwa upole, kama mimi ninavyomtazama huyu wa simu. "Mwanangu, mimi nikipotelewa na kuku nikaenda kwa Bibi Esta kumtafuta, huwa nasema nini nikifika mlangoni?"

Nikafikiri. "Unasema umepita kusalimia tu."

"Ehee."

Usiku... hapana, usiku nililala kama gogo, watoto hawanyimwi usingizi na mambo ya wakubwa. Lakini mchana wa siku zile mbili nilitembea nikihesabu saa. Niliona Jumamosi inavyokuja. Nilimwona Mama Greta akimuuliza mama mbele ya darasa zima, "Ndege wetu yuko wapi?" Nilimwona Kitambaa akisikiliza kwa makini, mtu ambaye kwa miaka alikuwa anasubiri mwenzake. Nilishajua hata jina nitakalopewa.

Mwalimu naye alikuwa na maandalizi yake. Alikusanya manati zetu zote akazifungia kabatini. Alitufundisha kutembea bila kukanyaga majani makavu, kwenye nchi ambayo mwezi wa kumi majani yote ni makavu. Akaamuru kila mtu aje ameoga. Wewe unayefungua bomba, hebu sikia: maji ya kisima chetu cha kuvunia mvua yalikuwa yamebaki matope, na mengine yalikuwa bondeni, chini ya mteremko, yanapanda juu kichwani kwa mama. Nilioga kwa kopo moja la maji. Nilianzia usoni na maji yakaisha magotini. Tuliohudhuria ziara ile tulikuwa safi kutoka magoti kwenda juu.

Jumamosi asubuhi tukakusanyika Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika ghafla na macho yanaanguka mpaka bonde la Ruvuma, na ng'ambo ya mto, Msumbiji imelala kwenye ukungu. Wageni wakashuka garini. Walikuwa wamevaa fulana zisizo na mikono zenye mifuko kila mahali, na mifuko yote ilikuwa imejaa. Kila mmoja alikuwa na darubini kifuani.

"Hatutapiga kelele," Mwalimu Dunstan alinong'ona. "Salamu, kisha kimya."

Sisi tulikuwa watoto wenye adabu. Tukavuta pumzi, tukasalimu kwa pamoja kama tulivyofundishwa: "SHIKAMOONI!"

Ndege wote waliokuwa ukingoni wakaruka wakaenda Msumbiji.

"Marahaba," alijibu Mama Greta kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye uso wa kucheka. Mmoja wa wageni wake, mwanaume mrefu mwenye mvi, alitazama mahali ndege walipokuwa na kushusha pumzi polepole.

Tukakaa. Sijawahi kukaa vile. Watoto wa darasa zima, kwenye nyasi, hakuna anayekohoa, tunatazama hewa tupu. Na baada ya muda, wakarudi. *Prrup, prrup.* Walitoka upande wa kaskazini, wakapita juu yetu, wakazama bondeni, wakapanda tena na upepo wa ukingo, wengine wakatua kwenye mti mkavu ulio karibu mpaka ukawa kama umechanua. Mama Greta akavua darubini yake, akampa Kitambaa aliyekuwa karibu naye.

"Unaona nini?" alimuuliza.

Kitambaa alitazama muda mrefu. Akameza mate. "Mnono," alisema.

Mwalimu akakohoa. Mama Greta akacheka, akasema ndiyo, wamekula vizuri njiani.

Ilipofika zamu yangu nikaiweka darubini machoni, na lazima niseme ukweli: nilisahau hofu yangu yote. Nilizoea kumwona keremkerem angani akiwa kidoa, au mkononi akiwa amekufa. Sikuwahi kumwona karibu na akiwa hai. Jicho lake lilikuwa jekundu. Alikuwa ananitazama.

Hapo ndipo kuku alipolia.

Nilijua sauti ile. Nikageuka bila kuondoa darubini, na ndani yake nikamwona mama yangu, mkubwa ajabu, anakuja kwenye njia ya mikorosho amevaa kanga zake za Idi, na kwapani amembana yule mtetea mweupe aliyepewa na bibi kutoka Chilangala, kijijini kwao. Kuku bora katika nyumba yetu. Nyuma yake, mbali kiasi, alikuja Mjomba Saidi, kwa umbali ule uliopimwa vizuri ili jambo likiharibika awe wa kwanza kufika nyumbani.

Kuku akalia tena. Ndege wakaruka tena. Yule mzee mrefu akafumba macho.

Mwalimu Dunstan akamkimbilia mama. Alitaka kumzuia, lakini adabu ikamtangulia. "Shikamoo, Mama Somoe."

"Marahaba, baba."

"Mama, tafadhali, tuko kwenye somo."

"Sitachelewesha. Nina neno na wageni wako."

Akampita. Akafika mbele ya Mama Greta, akapiga goti moja kidogo kama tunavyosalimu, akamweka kuku chini kwenye nyasi, miguu imefungwa. Kisha akafungua pindo la kanga yake. Darasa zima likasimama. Mimi nilitamani Shimo la Mungu lisogee hatua chache lije linichukue.

"Mama," alisema, "mimi naitwa Mama Somoe, nakaa pale kwenye mkorosho uliokatika. Ndege wenu tumemla sisi. Hakuna aliyenituma, na ninyi hamjaniuliza. Alama yenu hii hapa. Na huyu kuku ni wa kwangu mwenyewe, anataga. Naomba mnipokelee."

Akanyoosha kiganja. Pete ilikuwa imelala katikati yake.

Mama Greta aliichukua, akaisogeza karibu na jicho. Akasema kitu kwa lugha yao, kwa sauti ya juu, yeye aliyeitikia salamu yetu kwa sauti ndogo. Yule mzee akaja, akaishika pete, akaisoma, akakaa chini ghafla kwenye vumbi, akajifunika uso.

"Huyo ndiye mwenyewe," Kitambaa alininong'oneza. Kwa mara ya kwanza hakuwa na furaha usoni. Nadhani aliona kinachokuja, akanihurumia.

Mzee akaondoa mikono usoni. Alikuwa anacheka. Analia na kucheka, kama watu wanavyofanya msibani ukisimuliwa utani wa marehemu.

Mama Greta alikaa chini pia, akamvuta mama akae, akaeleza taratibu. Huko kwao kuna watu wanaokwenda kwenye mashimo wanamotagia ndege hawa, wanawavisha makinda pete, wanawaacha waende. Si kwa sababu ni mali yao. Wanataka kujua tu wanakofika. Pete nyingi hazirudi kamwe. Huyu mzee amewavisha ndege pete tangu ujana wake, na hajawahi kusikia habari ya hata mmoja kutoka huku. Pete hii si yake, ni ya mtu mwingine wa nchi yao, lakini ni kama yake.

Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mwenyewe yuko huko, anangoja habari?"

"Anangoja."

"Tangu ndege akiwa kinda?"

"Tangu akiwa kinda."

"Masikini," mama alisema, na hofu yote ikamtoka usoni, ikaingia huruma. "Mwambieni alifika. Mwambieni alikuwa mzima, mnono, hana ugonjwa wowote, manyoya yote yapo."

"Alikufaje?" aliuliza Mama Greta.

"Kwa ulimbo wa kaka yangu, yule pale." Mama akageuka kumwonyesha, lakini pale palikuwa na vumbi tu likitulia.

Mama Greta akamshukuru sana, akasimama, akasema sasa mama arudi na kuku wake, hakuna deni lolote. Alidhani anafanya wema. Uso wa mama ukakunjamana. Watoto tuliokuwa pale tukashusha macho.

Nimemcheka Mwalimu Dunstan na pasi yake, lakini siku ile alifanya kazi aliyoajiriwa. Alimsogelea Mama Greta akamwambia polepole, "Mama, mpokee. Ukimkataa kuku, umemwita mwizi."

Mama Greta alimtazama mwalimu, akamtazama mama, akainama akamchukua yule mtetea kwa mikono miwili.

Ndipo mama akainama naye, akafungua kile kitambaa cha kanga ya njano mguuni mwa kuku, akakiweka kwenye pindo lake. "Sasa ni wako," alisema. "Mfunge alama yako."

Wageni wale, na mifuko yao yote ile, hawakuwa na kipande cha kitambaa. Walipekua wakakuta penseli, biskuti, dawa ya mbu. Mimi nikachomoa kamba ya kofia ya koti langu la theluji, nililokuwa nimelivaa hata siku ile, kamba ya rangi ya waridi, nikampa Mama Greta. Kamba iliyotoka Ulaya kwenye robota ikafungwa mguuni mwa kuku wa Chilangala, na kuku akaondoka kwenda Masasi, amekaa kiti cha mbele.

Tangu hapo kila Mwalimu Dunstan alipokwenda kwao Masasi, mama alimtuma salamu kwa kuku, kama mtu aliyeozesha binti. Mwalimu alirudi na majibu: anataga vizuri, ameatamia, amepata vifaranga, na kila kifaranga kina uzi wa waridi mguuni. Na siku moja alileta salamu kutoka mbali zaidi. Mwenye pete amepata habari. Amefurahi sana, anashukuru. Ameuliza jambo moja tu: je, ni kweli alikuwa mnono?

Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Jina nililoogopa sikupewa. Nilipewa Keremkerem, na ninalo mpaka leo, na anayenichokoza kwa jina hilo zaidi ya wote ni Mzee Kitambaa.

Basi ndiyo hivyo. Mama amelala Chilangala sasa. Mitaa yetu imejengwa kuta, na kuku wanakaa ndani ya kuta, hawana vitambaa, maana hawana pa kupotelea. Maji yanatoka bombani siku yanapojisikia. Watoto wanaoga mpaka miguu. Ni maendeleo, nami sipingi maendeleo, nayaunga mkono kila yanapopita. Lakini siku hizi nikimwona mtu aliyekula cha watu, simwoni akipita njia ya mikorosho na kuku kwapani. Namwona anaalikwa kuwa mgeni rasmi. Na binti wa mdogo wangu, mwenye picha ya ndege mzuri kuliko niliyemwona mimi kwenye darubini, hajui kuwa ndege huyo ana jicho jekundu, kwa sababu hajawahi kutazamwa naye.

Na bado anaweza, ndiyo maana nimemweleza yote haya. Haihitaji darubini wala gari. Mwezi wa kumi ukifika, mwanangu, iache simu ndani, toka nje asubuhi, simama ukisikia *prrup*. Tafuta tawi kavu, au waya wa umeme juu ya choo cha mama yako mkubwa. Tulia mpaka watue. Watazame miguuni kwanza. Na ukiona pete, nenda ukamwambie mtu, kabla hujaulizwa.